Kiseyeye, Maleleji na Merikebu Iliyochomwa Moto

Ndugu wasikilizaji, zikitajwa hatari za baharini, mawazo hukimbilia dhoruba, miamba, maharamia na manyangumi ya hadithi. Lakini katika safari ndefu za merikebu za Ulaya, muuaji mkubwa alikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C.

Tazameni safari ya Vasco da Gama, nahodha Mreno. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, kusi, upepo wa msimu utokao kusini, ikishika. Tarehe 20 Mei alitia nanga karibu na Calicut, India: siku 26 tu. Kurudi, hakungoja msimu. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakati wa maleleji, kipindi cha upepo usiotulia kati ya misimu, na kaskazi, upepo wa kurudia Afrika, bado haijashika. Nahodha yeyote wa majahazi ya pwani hii angengoja. Wareno wakapata shwari, kisha upepo wa mbisho, yaani wa kuwapinga, kisha shwari tena, karibu miezi mitatu bila kuona nchi kavu.

Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Ukilishwa biskuti ngumu na nyama ya chumvi tu, akiba yake huisha kati ya mwezi mmoja na mitatu. Hapo kolajeni, zile nyuzi zinazoshikanisha ngozi, mishipa na mifupa, hulegea. Ufizi huvimba hadi kufunika meno, damu huvilia chini ya ngozi, na kovu la miaka mingi hufumuka likawa kidonda kibichi. Baharia wa namna hiyo hawezi kuvuta kamba ya tanga, chombo kinazidi kuchelewa, na wengine nao wanaugua. Walikufa watu 30 hivi katika kuvuka huko. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wa kufanya kazi.

Januari 1499 walifika Malindi, wakaomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Kwa wengi yalikuja wamekwisha. Siku chache baadaye, kwenye mafungu ya mchanga baharini upande wa Tanga, waliichoma moto São Rafael, moja ya merikebu zao, kwa kuwa watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu.

Inasikitisha kwamba kinga ilikuwa ndogo hivyo: miligramu 10 za vitamini C kwa siku, sehemu tu ya chungwa moja. Mwaka 1747, James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aligawa wagonjwa 12 wa kiseyeye wa merikebu Salisbury wawili wawili, kila jozi na dawa yake: siki, maji ya bahari na nyinginezo. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kila siku ndio waliopona upesi. Matunda yaliisha kwa siku sita, na mmoja wao alikuwa ameshaweza kurudi kazini.

Kosa likaja kwenye kuhifadhi. Lind alishauri maji ya matunda yapashwe moto polepole mpaka yawe mazito, yapate kukaa. Moto huo uliharibu sehemu kubwa ya vitamini yenyewe. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kuwagawia mabaharia maji ya limau mwaka 1795, miaka 48 baada ya jaribio lile.