Fulana ya Merino Inadumu? Jibu kwa Mpwa Wangu wa Bodaboda na Wenzake

Mbukwenyi! Habari za Dodoma, habari za Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, na majirani zetu wa Singida. Niko Fort William, Uskoti. Huo upepo mnaousikia siwezi kuuzima, mtanivumilia. Pale nyuma yangu, ndani ya lile wingu, kuna Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza: mita 1,345. Msicheke. Najua Dodoma mjini mmekaa mita 1,100 na ushee, kwa hiyo mlima wao ungewazidi watu wa Jamatini kwa mita mia mbili na kitu tu. Ila baridi yake haina utani.

Leo nina hii hapa mkononi. Fulana ya mikono mirefu ya sufu ya merino, ile inayovaliwa ndani kabisa, inalala kwenye ngozi. Mpwa wangu anaendesha boda Nkuhungu, na kaiona mnadani Msalato kwenye mitumba. Kanitumia sauti: "Anko, hiki kitu kinadumu, au ni ulaini tu?" Swali zuri, maana mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na moja alfajiri, upepo wa Dodoma ukiwa juu ya pikipiki unapita kwenye sweta kama haupo.

Inadumu, mpwa. Lakini ile unayoipenda zaidi ukiigusa ndiyo inayowahi kufa.

Nieleze. Merino ni aina ya kondoo, asili yake Hispania, na siku hizi sufu yake nyingi inatoka Australia. Usimfikirie kondoo wetu wa Kigogo mwenye mkia wa mafuta, yule ana nywele fupi tu, hana sufu ya kusokota. Unywele wa merino ni mwembamba mno. Fulana hizi hutengenezwa kwa nyuzi zenye unene wa maikroni 17 hadi 19 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati unywele wa binadamu mara nyingi ni kati ya 50 na 100. Wembamba huo ndio unaofanya isiwashe. Wembamba huohuo ndio unaoifanya ikatike ikisuguliwa.

Halafu kuna uzito wa kitambaa. Mtasikia gramu 150, 200, 250, maana yake uzito wa mita moja ya mraba. Ya 150 ni nyepesi, tamu, unaisahau mwilini. Tazameni hii yangu sasa, naishika dhidi ya dirisha. Mnaona mabegani? Mwanga unapita. Hapo ndipo mikanda ya begi inapokaa. Na hapa kiunoni, mkanda wa begi tena. Na kwenye hili tundu la kupitishia dole gumba, nyuzi zimeanza kuachia. Kwingine kote, mgongoni, kifuani, mikononi, nzima kabisa! Merino haichakai kwa baridi wala kwa jasho, inaliwa na msuguano. Hii nyingine ya gramu 250 imebeba begi lilelile kwenye vilima vilevile na bado imeshikamana.

Kwa hiyo wewe wa boda, jiulize kwanza unasuguliwa wapi. Kama unavaa kibegi cha kifuani kutwa nzima, ya 150 usiiguse. Tafuta ya 200 kwenda juu, au ile iliyochanganywa na naironi. Kuna uzi ambao katikati yake ni naironi na sufu imezungushwa kwa nje; ngozi inakutana na sufu, nguvu inatoka ndani. Wapo wanaodharau mchanganyiko, eti si merino halisi. Mimi naupenda. Na wapagazi na waongoza wageni wa Mlima Hanang, huko juu zaidi ya mita 3,400, kwa kweli, kwa kazi ya kubeba mizigo chukueni polyester ya bei nafuu, merino iwekeni ya kulalia kambini. Bei yenyewe hapa, mpya, mara nyingi inafika pauni 50. Hiyo ni zaidi ya laki na nusu. Mtu hawezi kuisugua hiyo chini ya gunia.

Faida yake ni kwamba haishiki harufu haraka. Sufu inanyonya mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, kwa hiyo alfajiri inakupa joto na saa sita haikufanyi kuloa chapachapa. Ukiivua, ianike tu kivulini ipigwe upepo, kesho unavaa tena. Kila fua unayoiruka ni uhai umeiongezea.

Maana kufua ndiko wengi wanakoiulia. Sufu ikilowa nguvu inapungua, na sisi ndio kwanza tunaifikicha na kuinyonga! Ibonyeze taratibu kwenye maji ya baridi au vuguvugu, ikunje ndani ya taulo, ikamulie humo. Maji ya Dodoma mnayajua, yana chumvi, povu halitoki, mtu anazidisha sabuni ya unga. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, yaani protini, na sufu nayo ni protini. Tumia shampoo, basi. Jiki usithubutu: chovya kipande cha sufu humo kinayeyuka, kinaisha. Na jua kali linaipausha na kuidhoofisha.

Ukiiweka sandukuni, iwe safi. Viwavi wa nondo wanapenda sufu yenye jasho. Matundu madogo yaliyotawanyika bila mpangilio ni nondo huyo, si begi.

Sasa, mpwa, pale Msalato: ielekeze kwenye jua, angalia mabega, viwiko na kwapa. Kisha chomoa unyuzi mmoja wa kitambaa chenyewe, si wa mshono, kwa sababu mishono mara nyingi hushonewa polyester. Uwashe kiberiti. Sufu inaungua kwa kusitasita, ukitoa moto inazima, inanuka nywele, jivu linasagika kidoleni. Ikiyeyuka ikaacha kidonge kigumu cheusi, umeuziwa plastiki. Ukipata vyote viwili, ni mchanganyiko, na nimeshasema mimi sina ugomvi nao. Muuzaji akikukatalia kuchomoa uzi, rudisha mezani, nunua sweta.

Video ijayo ni soksi. Huko ndiko merino inakoteswa kwelikweli.