Meli Moja, Bandari Mbili: Mhadhara Kuhusu Kina cha Maji na Shehena ya Kichele

Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana.

Waliowahi kunisikia wataniwia radhi, kwa kuwa nimekuja na hoja ileile, na sitaiacha mpaka siku ambayo gazeti litaandika habari za bandari bila kutuwekea picha ya makasha. Ikitajwa Rotterdam, kila mmoja wetu huona kreni na makasha ya rangi rangi. Mwaka 2023 bandari hiyo ilihudumia karibu tani milioni 439, na makasha hayakufikia hata theluthi moja ya uzito huo. Zaidi ya nusu ilikuwa shehena ya kichele: mafuta ghafi na vimiminika vingine, madini ya chuma, makaa ya mawe, nafaka. Vitu hivi visivyojua gunia wala sanduku ndivyo vilivyoamua bandari ichimbwe kwa kina gani, na makasha yalikuta kazi imekwisha kuanza.

Mfano wangu, kama kawaida, ni meli ya Berge Stahl. Ilijengwa Korea Kusini mwaka 1986, ikiwa na urefu wa mita 343 na uwezo wa kubeba tani 364,767, na kwa takriban miaka 25 hapakuwa na meli ya kichele iliyoizidi ukubwa duniani. Ikijaa, sehemu yake iliyozama majini ilikaribia mita 23. Kwa sababu hiyo, kwa sehemu kubwa ya maisha yake, ikiwa na mzigo kamili ilikuwa na bandari mbili tu: Ponta da Madeira, karibu na São Luís nchini Brazil, ilikopakia madini ya chuma, na Rotterdam, ilikoyapakua. Dunia nzima ina pwani, lakini chombo hiki kilikuwa na mahali pawili pa kwenda.

Na hata huko haikuingia kwa saa iliyoipenda yenyewe. Ilibidi iyafuate maji kujaa, na nahodha aliyechelewa alisubiri maji yajae tena. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa jambo hili, kwani mwenye ngalawa analijua tangu utotoni. Ajabu ni kwamba watu wa mipango hulisahau mara tu meli inapokuwa ya chuma. Tena Bahari ya Kaskazini mbele ya Rotterdam si ya kina kikubwa. Waholanzi wamechimba mfereji chini ya bahari, uitwao Eurogeul, wenye urefu wa takriban kilomita 57, na wanaendelea kuuchota mchanga kwa sababu bahari haichoki kuurudisha. Meli ya namna hii, ingawa imezungukwa na bahari pana, hupita katika njia nyembamba isiyoonekana kwa macho, na haina ruhusa ya kupinda.

Kila ninapofika hapa, kuna kijana huniuliza kwa nini madini hayo yasitiwe kwenye makasha na shida zikaisha. Tufanye hesabu. Kasha la futi 20 likibeba tani 28, shehena ya Berge Stahl ingehitaji makasha yapatayo 13,000, na kila moja lingejaa theluthi tu, kwa kuwa madini ya chuma ni mazito kupita kiasi. Uzito huohuo ndio unaofanya ngama za meli za madini, yaani vyumba vyake vya mzigo, zionekane nusu tupu wakati meli imekwisha kuzama hadi alama yake ya mwisho. Wapo waliotazama ndani ya ngama hizo na kusema kwamba wenye meli wanapoteza nafasi! Wangeijaza nafasi hiyo, wangeipoteza meli.

Sasa tuje nyuma ya gati, ambako ndiko nilikotaka kuwafikisha. Gati la Europoort, sehemu ya bandari ya Rotterdam, lililoipokea Berge Stahl lilikuwa mali ya wenye viwanda vya chuma vya Ujerumani. Madini yakishachotwa kwa makucha ya kreni na kupitishwa kwenye mikanda hadi uwanjani, hupakiwa kwenye matishari, manne au sita yakifungwa pamoja na kusukumwa na chombo kimoja kuupanda mto Rhine hadi kwenye matanuru ya Duisburg. Ondoa matanuru hayo, nawe umeondoa sababu ya kuchimba.

Asiyeamini akatazame Hunterston, Uskochi. Pale kina kipo cha kutosha meli kubwa kabisa. Kiwanda cha chuma cha Ravenscraig, ambacho gati lile lilijengwa kukihudumia, kilifungwa mwaka 1992. Likabaki likipokea makaa ya mawe ya kituo cha umeme cha Longannet, nacho kikafungwa mwaka 2016, na biashara ya gati ikafa. Maji hayakupungua hata inchi moja.

Nasi tuliliona jambo hili kwa upande wa pili mwaka 2022, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku makaa ya mawe ya Urusi na wanunuzi wakafika hadi Mtwara, bandari ambayo wengi wetu tunaijua kwa korosho. Wanaojivunia kina cha asili cha Mtwara hawakosei, lakini makaa ya Ruvuma yalisafiri mamia ya kilomita juu ya malori kabla ya kuiona bahari.

Nilikusudia kuzungumzia bandari ya Narvik, Norway, na reli yake ya madini kutoka Kiruna, Uswidi, na nafaka ya Ukraine iliyoelekezwa Constanța, Romania, lakini mwenyekiti ameshaniletea kikaratasi. Nitaje la Rhine tu. Oktoba 2018, baada ya ukame mrefu, kipimo cha maji pale Kaub, mji wa Ujerumani kando ya mto huo, kilishuka hadi sentimita 25, matishari yakawa yanapanda na sehemu ndogo ya mzigo, ilhali kule Rotterdam meli kubwa zinaelea bila wasiwasi. Kipimo hicho sicho kina chenyewe cha mto, kwa hiyo tafadhali msiende kuandika kwamba watu waliuvuka Rhine kwa miguu na meli zikiwapisha.

Karibuni kwa maswali, ila la makasha nimeshalijibu.