Dafodili ni za Kundi Gani? Anza na Rula, Rangi Baadaye

Habari zenu, karibuni tena. Wateja wa mapambo ya harusi hapa Dar wananitumia picha WhatsApp: "Dada, nataka yale maua ya njano yenye kikombe." Sawa, ila yapi? Hayo ni dafodili, na Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, imezigawa katika makundi 13. Hizi za mezani zimekuja kwa ndege na joto letu haziliwezi, kwa hiyo tuanze.

Hatua ya kwanza, geuza ua likutazame. Nje kuna petali sita, katikati kikombe. Petali au kikombe kikiwa kimejazana tabaka juu ya tabaka, weka rula chini: hilo ni kundi la 4. Kikombe kikiwa kimepasuka, kwa kawaida zaidi ya nusu ya urefu wake, ni la 11.

Hatua ya pili ndiyo yenye kazi. Chukua bua lenye ua moja. Pima petali kuanzia inapokutana na kikombe hadi nchani. Kisha pima kikombe, na hapa nasogeza kamera muone: ukingo umejikunja, naunyoosha kwa kidole kwanza. Petali milimita 40, kikombe 24. Kikombe kikilingana na petali au kuipita, ni kundi la 1, la tarumbeta, kama aina iitwayo King Alfred. Kikizidi theluthi ya petali lakini kisiifikie, ni la 2. Theluthi au chini yake, la 3. Kwa hiyo hili letu ni la 2. Upana hauhesabiwi kabisa. Aina ya Ice Follies ina kikombe kilichotanuka kama kisahani, na bado ni la 2.

Usiandike namba kwanza. Angalia kama ua linaonyesha wazi damu ya dafodili fulani ya porini, maana hiyo hushinda rula. Ua limeinama na petali zimerudi nyuma kwa nguvu? Likiwa moja, na kikonyo (kijiti kinachounganisha ua na bua) kifupi mno, kundi la 6. Yakining'inia mawili au zaidi, la 5. Majani membamba na harufu nzuri, la 7. Shada la maua mengi kwenye bua nene, la 8. Petali nyeupe na kikombe kifupi chenye ukingo mwekundu, la 9. Petali ndogondogo zilizomezwa na kikombe, la 10. Yasiyoingia popote ni la 12, na la 13 ni yale yanayotajwa kwa jina la kibotania tu.

Sasa ndiyo rangi. King Alfred huandikwa 1Y-Y: namba ya kundi, rangi ya petali, kistari, rangi ya kikombe. Y ni njano, W nyeupe, O chungwa, P pinki, R nyekundu, G kijani. Herufi za kikombe zikiwa tatu, soma kutoka ndani kwenda ukingoni.

Na lile ua jeupe la vidole virefu, linalopandwa sana kwenye bustani zetu? Lina kikombe, lakini stameni zake (vijiti vyenye chavua) zimeota juu ya ukingo wa kikombe chenyewe. Za dafodili husimama ndani, mbali na kikombe. Kwa hiyo si dafodili; ni ukoo mmoja tu, basi.

Mkinitumia picha, pigeni na ya ubavuni. Kwa mbele urefu wa kikombe hauonekani.