Genge Linalofunguliwa Saa Nne: Sonona na Wasiwasi Katika Siku ya Mtu

Shikamooni wazee wangu, na wengine habarini za asubuhi.

Mada niliyopewa ina tatizo la jina. Ukisema magonjwa ya akili, wengi wetu tunamwona mtu anayeokota makopo sokoni. Huyo yupo na ana matibabu yake, ila leo nitamwacha. Nataka tumzungumzie yule uliyemsalimu asubuhi akakujibu "nzuri". Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 waliishi na tatizo la afya ya akili, mmoja katika kila wanane. Kundi kubwa ni la wenye wasiwasi uliopitiliza, milioni 301, kisha wenye sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, milioni 280. Wana maduka, wanafundisha, wananyonyesha.

Chukulia mama mwenye genge. Kawaida yake ni kuamka saa kumi alfajiri awahi mchicha. Siku hizi macho yanafunguka saa nane usiku, anatazama dari mpaka adhana, na kukishakucha ndipo mwili unagoma. Genge linafunguliwa saa nne. Nyanya za juzi zinaozea kwenye tenga, kwa sababu kuzichambua, kazi ya dakika kumi, anaiona imemzidi nguvu. Mteja akitoa noti ya elfu kumi kwa vitu vya elfu mbili na mia tatu, chenji inampotea kichwani. Anahesabu mara mbili na bado anakosea. Chakula hakipiti. Mtoto akiomba daftari anamfokea, halafu anajifungia chumbani kulia kwa sababu amemfokea. Kwenye vikoba haonekani. Wenzake wanasema anaringa, mumewe anasema kawa mvivu.

Kila nililolitaja hapo ni dalili, hakuna hata moja la tabia. Dalili za sonona zinahesabiwa tisa: huzuni, kukosa raha na mambo aliyoyapenda, usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, uchovu, kujilaumu, umakini kupungua, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Zikitimia tano, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za mwanzo, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, wiki mbili au zaidi, na kazi zikavurugika, hiyo ni sonona. Huzuni ya msiba haihesabiwi haraka hivyo. Mfiwa hulia, lakini akitajiwa kituko cha marehemu huweza kucheka. Mwenye sonona hata kicheko hicho hakimfikii.

Sasa huyu mama akifika zahanati hatasema ana huzuni. Atasema kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, mwili kuchemka kwa ndani. Anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa ya UTI, mwezi unaofuata dawa ya vidonda vya tumbo, anarudi nyumbani na Panadol. Mkimuuliza "una huzuni?" atajibu "hapana, namshukuru Mungu". Muulizeni hivi: "Kazi gani ulikuwa unaifanya bila hata kuifikiria, na sasa inakushinda?" Hapo atataja nyanya. Halafu mapimo yafanyike kweli, maana upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu huleta uchovu unaofanana sana na huu. Na pombe iulizwe.

Waswahili tunasema "ana mawazo mengi". Washona wa Zimbabwe wanasema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, na kwa neno hilohilo Daktari Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, Harare, mwaka 2006: kina bibi waliofunzwa, wakikaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi hatoi mawaidha, na hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa, maana mawaidha tunayo mengi. Anamwacha mgonjwa ataje matatizo yote, wanachagua moja tu, wanalitafutia hatua ndogo inayofanyika kabla ya wiki kwisha. "Nitalipa madeni" haifai. "Jumanne asubuhi nitamwendea mwenye deni kubwa nimwombe tupange awamu" inafaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wasiwasi una mwendo wake. Kijana yumo kwenye daladala iliyojaa, ghafla moyo unadunda, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, anaamini anakufa. Kinachomtia ganzi ni kuhema haraka: hewa ya kaboni inatoka mwilini kupita kiasi. Hali hupanda mpaka kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka yenyewe. Mara ya kwanza apimwe moyo, tusibahatishe. Ikishajulikana ni hofu, avute pumzi taratibu kwa puani akihesabu nne, aitoe akihesabu sita, kwa dakika tano. Mfuko wa plastiki au karatasi mdomoni, hapana.

Hasara kubwa inakuja baadaye. Kijana anashuka kituo kisicho chake, anapata nafuu, na nafuu hiyo inamfundisha kuwa daladala ndiyo adui. Kesho anatembea. Mwezi ujao hafiki kazini. Kumrudisha ni kwa ngazi: siku kadhaa asimame kituoni tu, kisha apande kituo kimoja saa tano, gari likiwa tupu, kisha vituo vitatu, saa ya msongamano iwe mwisho kabisa. Sharti ni moja: asishuke hofu ikiwa juu. Asubiri ipungue akiwa ndani, la sivyo somo linarudi kulekule.

Dawa huandikwa na daktari au tabibu, ila kuachwa zinaachwa nyumbani, ndiyo maana nawaeleza ninyi. Fluoksetini, dawa ya sonona, ya miligramu 20 hunywewa asubuhi. Wiki ya kwanza huleta kichefuchefu, kichwa kuuma, kutotulia. Nafuu ya moyo huanza wiki ya pili hadi ya nne, wakati mwingine ya sita. Madhara yanatangulia, faida inafuata, basi mtu anaitupa siku ya tano. Wengine huacha mwezi wa tatu kwa kuwa wamepona. Iendelee miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya dalili kuisha, na kuacha kuwe kwa kupunguza. Kabla ya kuanza, aulizwe kama amewahi kuwa na siku za furaha iliyopitiliza, halali na hachoki, anagawa pesa hovyo. Akiwa amewahi, dawa hii peke yake yaweza kumrusha huko tena.

Amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ni ya usiku. Hukausha mdomo, hufunga choo, na mzee mwenye tezi dume yaweza kumzuia mkojo. Ikizidi kipimo ni hatari kwa moyo, kwa hiyo mwenye mawazo ya kufa apewe ya wiki moja tu, itunzwe na ndugu. Muulizeni wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali halimpandikizii wazo, humtua mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa za shamba zitoke nyumbani, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Diazepamu ya dukani, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, msimnunulie: usingizi wa usiku wa kwanza ni mtamu, baada ya wiki chache kidonge kimoja hakitoshi, na sonona iko palepale.

Mzee pale nyuma anauliza kuhusu maombi na Ramadhani. Maombi yaendelee, hayagombani na kidonge. Anayefunga, kama daktari wake hajamkataza kufunga, anywe fluoksetini wakati wa daku. Ya usiku abaki nayo usiku, na maji ayanywe kwa wingi baada ya futari, maana mdomo utakauka mara mbili.