Mtoto, kinga na telefone ya mwalimu

Jambo yenu wote, ba mama, ba papa, ba mwalimu mulioacha madarasa juu ya kuja hapa, na ninyi vijana wa enformatike mulioenda kukaa nyuma kule karibu na prize ya kuranti, nawaona. Wameniomba niongee namna ya kutengeneza aplikasio ya kufundisha watoto wa masomo kupanda kinga, ndiyo baiskeli, bila kuumia barabarani. Nitaongea, lakini mutanisamehe, nitaongea zaidi juu ya barabara za hapa Lubumbashi kuliko juu ya kodi za kompyuta, juu kwa kodi munanipita mbali.

Neno moja tu la OMS, shirika la afya la dunia, kwanza, kisha tuingie kazini. OMS inasema kwa watu wa miaka 5 mpaka 29, dunia nzima, kitu kinachoua kuliko vyote ni ajali za barabarani. Malaria hapana, ukimwi hapana. Barabara. Basi.

Sasa tuangalie kinga yenyewe. Fungua aplikasio nyingi za Ulaya, somo la kwanza ni lilelile, rekebisha kiti, miguu iguse chini, jaribu freni mbili, funga kaske, kofia ngumu ya kichwa. Ni sawa kwa mtoto mwenye kinga ya kipimo chake. Ila toka hapa saa kumi za jioni, fika mitaa ya Katuba ao Ruashi, uangalie mtoto wa miaka tisa ametumwa. Kinga ni ya papa yake. Kiti kinamufika kifuani. Kwa hiyo anafanya nini, anapitisha mguu wa kuume chini ya ile chuma ya katikati mpaka kwenye pedale ya ngambo, mkono wa kushoto kwenye gido, usukani wa kinga, mkono wa kuume umekumbatia kiti, na anaenda, na anaenda mbio kweli! Freni ni miguu yake, anaruka chini na kukimbia nayo mpaka isimame. Yule mtoto kwa usawa wa mwili amekupita wewe na mimi. Lakini angalieni vizuri amekaa wapi: mwili wake wote unaning'inia upande wa kushoto wa kinga, na sisi tunatembeaka kuume ya barabara, maana yake amening'inia upande magari yanapopita. Mkono wa kuonyesha kwamba anageuka hana, yote miwili iko na kazi. Ukimuletea somo linaloanza na "rekebisha kiti" atakucheka na atakuwa na haki.

Donc mtoto wa kwanza munayemuchora kwenye aplikasio apande hivyo, chini ya chuma, na asichorwe kwa kumuchekelea. Na somo lake la kwanza liwe la kushuka. Ukifika barabara kubwa, unashuka, unazunguka upande wa kuume wa kinga, unasukuma, kinga ibaki kati yako na magari. Hakuna aplikasio ya Ulaya nimeona inaanza na kushuka, lakini hapa ndiyo inaokoa.

Jambo la pili ni volani, usukani wa gari. Sisi tunatembea kuume, Zambia wanatembea kushoto, na Kasumbalesa, pale mpakani, haiko mbali, na makamio ya shaba na kobalti yanapanda na kushuka kila siku, mengi shofere amekaa kuume. Taksi-bisi zetu vilevile, zile Hiace zilizotoka Japani, mlango wake uko kushoto. Munaelewa shida? Vitabu vya Ulaya vinamuambia mtoto ajihadhari na mlango na watu wanaoshuka upande wa kando ya barabara. Hapa bisi inasimama, resevere, konda wa bisi, anafungua, na ba mama wanashuka na mabeseni katikati ya barabara kabisa, palepale mtoto wa kinga anapotaka kupitia juu ya kuipita ile bisi. Na lori la volani ya kuume, shofere haoni vizuri upande wake wa kushoto, kinyume cha michoro yote mutakayokopi kwenye intaneti. Kwa hiyo musichore "upande mbaya" mmoja na kumukaririsha mtoto. Mumufundishe kitu kinachofaa kwa volani zote mbili: kama hauoni uso wa shofere, kwenye kioo chake ao kwenye vitre ya dirisha, basi naye hakuoni, bakia nyuma.

Sasa hapa ndipo nataka vijana wa nyuma waweke telefone chini. Mtoto mudogo anapotaka kukatiza barabara anaangalia gari iko mbali ao iko karibu. Mbio yake haipimi, ama anaipima vibaya, na watafiti wamelipima jambo hili mara nyingi, si uzembe, akili ya kupima mbio inakomaa polepole na miaka. Tufanye hesabu. Gari ya kilomita 50 kwa saa inakula karibu metre 14 kila segonde. Mtoto anayesukuma kinga kwenye barabara ya metre 7 anatumia kama segonde 7. Saba mara kumi na ine ni 98. Ndiyo kusema gari inapaswa kuwa mbali karibu urefu wote wa uwanja wa Mazembe pale Kamalondo, goli mpaka goli, wakati mtoto anaweka mguu wa kwanza kwenye lami. Waulize watoto wenu, watakuambia nusu ya uwanja inatosha.

Kile hamuwezi kukifundisha kwa michoro ya kupendeza. Mufunge telefone kwenye kijiti, kimo cha macho ya mtoto, metre moja na kidogo, mukasimame pembeni ya barabara ya kweli, nyuma ya gari iliyoparkiwa, nyuma ya meza ya kuuza unite za telefone, mufilme. Mutashangaa vile mtoto haoni kitu. Kisha kwenye ekra muweke buto mbili, BADO na SASA. Na hapa ndipo michezo mingi inaharibu: wanaweka saa inayohesabu, pointi kwa mwenye kubonyeza mbio, nyota, muziki. Munamuzoesha nini sasa? Munamuzoesha haraka! Kwangu pointi zinapatikana kwa kungojea. Video fulani zisiwe na SASA hata moja, ziishe hivyo, na mtoto apate pointi zote juu alikatala kuvuka. Najua mutasema mchezo wa kungojea unachosha. Ehh, uchoshe kidogo.

Na robo, zile mashine za chuma zinazoongoza magari kwenye kona kama polisi, lazima niongee juu yake. Munazijua robo za rulaje alizotengeneza enjenia Thérèse Izay Kirongozi, zilianza kusimama Kinshasa 2013 na Lubumbashi pia zilifika. Watoto wanazipenda kufa. Ziwekeni kwenye mchezo, bila haya, ni kazi ya Mkongomani. Ila kiwango cha kwanza robo iko, cha pili robo inageuza mgongo, cha tatu haiko tena na mtoto abaki peke yake na kona, juu karibu kona zote za cité ziko hivyo, hakuna robo, hakuna polisi, kuna motari, shofere wa pikipiki, anapita upande anaotaka.

Kaske. Kaske inasaidia sana kichwa, asikudanganye mtu. Lakini kaske ya mtoto kuipata hapa ni kazi, na aplikasio inayokatala kuendelea mpaka mtoto abonyeze kaske inafundisha kubonyeza tu. Iongelee na wazazi, iweke kwenye sehemu ya wazazi. Kwa mtoto ongeeni juu ya shimizi nyeupe ya uniforme, ambayo jioni inaonekana mbali, kama hajaifunika na trikoti ya bleu na mfuko wa mgongoni.

Telefone yenyewe ikae na mwalimu. Toka bure ya masomo ya msingi ilianza 2019 madarasa yamejaa, hauna ekra ya kila mtoto na hatuitafuti. Aplikasio iwe nyepesi, ifanye kazi bila mega za intaneti, ipitishwe kwa Bluetooth toka mwalimu mpaka mwalimu, iseme Kiswahili hiki chetu kwa sauti. Isiulize jina la mtoto, isiulize anaishi wapi. Dakika kumi darasani, kisha wote kwenye uwanja. Mwalimu anachora barabara na chokaa, mtoto anatembeza kinga, telefone inatoa mlio wa kamio nyuma yake, mtoto anageuza kichwa kushoto bila gido kuyumba, na mwalimu kule nyuma ameinua vidole, mtoto aseme ni vingapi. Akikosa namba, hakuangalia, aligeuza shingo tu. Hata Uholanzi, kwenye kuko kinga nyingi kuliko watu, watoto wa mwisho wa shule ya msingi wanafanya egzame ya karatasi na ingine barabarani.

Papa mmoja ameuliza tutajuaje kama inafaa. Papa, pointi za ndani ya telefone usiziamini, simama kwenye kona. Hesabu watoto wangapi wanageuza kichwa mbele ya kuingia barabara, kabla ya mafundisho, kisha mwezi mmoja baadaye, kisha baada ya likizo. Na uhesabu pia kwenye shule zingine ambazo hazikufundishwa, juu pengine polisi wa rulaje walipita tu pale wakafokea kila mtu.

Ba mwalimu ambao shule zenu zinagusa route Likasi ao route Kasumbalesa, mubakie kidogo tafazali, tunatafuta kona za kufilmia, na tunaanza na zile munazoogopa ninyi wenyewe.