Hapo tu

MWANAIDI: Assalaam alaykum. Leo nna mashitaka.

HAMAD: Waalaykumu salaam. Ya champali?

MWANAIDI: Kumbe ushasikia! Jumanne nilikuwa natembeza wageni wawili, Muingereza na Mmarekani. Tunatoka Forodhani kwa miguu mpaka Maruhubi, kwenye jumba la Seyyid Barghash lililoungua 1899. Kilomita 4 hivi. Jana yake nikawaambia njia ni "quite long". Asubuhi Mmarekani huyo, kofia, viatu vya kupandia mlima, chupa tatu za maji. Muingereza kaja na champali, viatu vya wazi tu.

HAMAD: Na wote wamekusikia vizuri.

MWANAIDI: Vizuri sana! Kwa Mmarekani "quite" inakoleza: ndefu hasa. Kwa Muingereza, ukiiweka mbele ya "long", mara nyingi inazimua: ndefu kiasi. Kufika Bwawani champali imekatika. Mwisho akaniambia kwa upole, "It was rather long." Nikamshukuru.

HAMAD: Ukamshukuru! Bi Mwanaidi, "rather" ile ni lawama. Njia imezidi alivyotaka.

MWANAIDI: Nimejua usiku, nishalala.

HAMAD: Ungemwambia "hapo tu".

MWANAIDI: Usianze Upemba wako.

HAMAD: Naanza. Siku moja nipo Konde, namuuliza mzee mmoja msitu wa Ngezi uko wapi. "Hapo tu, mwanangu." Nikatembea. Nikamkuta mama anachuma karafuu. "Hapo tu." Nikatembea tena. Mtoto juu ya baiskeli: "Hapo tu!" Yeye anatoka huko, anatweta.

MWANAIDI: (anacheka) Sasa hiyo nayo si inazimua? Wanakuonea huruma. Sie tunazo zetu: mbali kidogo, ndefu kiasi, ndefundefu. Ndefundefu ndiyo "longish" ya Waingereza.

HAMAD: Hapo sikubali. Ndefundefu ni ndefu mara mbili.

MWANAIDI: Ati nini? Wali wa majimaji una maji mengi kuliko maji?

HAMAD: Na ukimwita mtoto aje harakaharaka, aje kwa haraka kiasi?

MWANAIDI: Hiyo haraka, si sifa ya kitu. Nguo nyekundunyekundu utaiita nyekundu sana?

HAMAD: Mie nasema njia. Mtu akinambia njia ndefundefu, nabeba maji.

MWANAIDI: Unabeba maji kwa sababu Wapemba walishakutesa.

HAMAD: Na Waunguja mnatesa wageni.

MWANAIDI: Ndefundefu inapunguza, Hamad.

HAMAD: Inaongeza.

MWANAIDI: Waulize Makunduchi.

HAMAD: Waulize Wete.

(kimya)

MWANAIDI: Haya. Nilikuwa na karatasi hapa. "Fairly", yaani kiasi, ambayo haina lawama kama "rather". Halafu "a bit long", ya kumwambia mtu hotuba yake imechosha bila kumvunjia heshima. Halafu "quite finished", ambayo hata kwa Muingereza ni kwisha kabisa...

HAMAD: Adhana hiyo.

MWANAIDI: Na sijagusa hata moja!

HAMAD: Wiki ijayo. Mie nawahi gari ya Bububu.

MWANAIDI: Kituo mbali?

HAMAD: Hapo tu.