Bata wa Bwawa la Serikali: Mjomba, Hili Hapa Jibu Lako

Haya, mko salama nyumbani? Sauti ikikatika ni upepo, huku hakuna mlima wa kuuzuia. Nyuma yangu ni bwawa la Milford, jimbo la Kansas, karibu na mji wa Junction City na kambi ya jeshi ya Fort Riley. Kwa wageni wa chaneli hii: mume wangu ni mwanajeshi hapo Fort Riley, kama Wakenya wengine waliovaa magwanda ya Marekani. Mkisikia kishindo msishtuke, ni mizinga ya mazoezi. Bata wenyewe wameshaizoea.

Video ya leo ameisababisha mjomba. Nilimtumia picha ya bata niliowawinda hapa, akanipigia simu hapo hapo. "Wewe mtoto, hilo bwawa si la serikali? Na bata si wa Mungu? Sasa leseni na stempu za nini? Si uende usiku na wavu?" Mjomba ni mtu wa Bunyala, kule magharibi mwa Kenya kwenye mashamba ya mpunga, na mambo ya ndege anayajua kuliko wengi wenu. Kwa hiyo mjomba, vuta kiti, nakujibu mbele ya watu.

Tuanze na haya maji. Mwaka 1951 mito ya Kansas ilifurika vibaya, ikazamisha mitaa ya Manhattan, Topeka mpaka Kansas City. Serikali ya taifa ikaamua kujenga mabwawa ya kuzuia mafuriko, na hili la Milford, kwenye mto Republican, likakamilika miaka ya 1960. Mji wa Milford wenyewe ulihamishwa kupisha maji. Leo ndilo ziwa kubwa kuliko yote Kansas, zaidi ya ekari 15,000 za maji. Mwenyewe ni Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, lakini eneo kubwa kandokando limekabidhiwa Idara ya Wanyamapori na Mbuga ya jimbo, na huko ndiko wananchi wanakowinda.

Sasa Kansas, karibu ardhi yote ni ya watu binafsi. Unaendesha gari saa nzima, shamba baada ya shamba, na kila moja lina mwenyewe. Ukiingia kuwinda bila ruhusa hiyo ni kesi. Wenye pesa hukodi mashamba au hujiunga na klabu. Mimi sina hata ploti ya kuanikia nguo. Lakini hapa Milford naingia kwa haki ile ile aliyo nayo daktari na wakili, na nikifika kwanza, mahali ni pangu kwa asubuhi hiyo.

Nikifika kwanza, nimesema. Hakuna mwenye kona yake. Jirani yetu mmoja, mzee mkulima mstaafu aliyenifundisha mambo haya, huniamsha usiku wa manane ili tuwahi. Tunapanga majini kwa tochi bata wa bandia wa kuwavutia wale wa kweli, kisha tunakaa kwenye nyasi tukitetemeka. Tukimaliza, kila bata wa bandia lazima atoke majini, maana kuwaacha usiku kucha ili ushikilie mahali hairuhusiwi. Nikiona taa za mtu mwingine tayari ziko kwenye kona ninayoitaka, nasogea mbali. Kumkaribia mtu mpaka marisau yako, zile punje za bunduki, yanamdondokea kichwani ni ushenzi, na asubuhi nyingine watu hufokeana kweli kweli. Wageni wa majimbo mengine nao wamebanwa: tangu msimu wa 2024, kwenye maeneo ya umma ya jimbo, wao huwinda ndege wa majini Jumapili, Jumatatu na Jumanne tu. Wenyeji walilalamika kwamba wanasongwa, wakasikilizwa.

Umma haimaanishi kila mahali, lakini. Kwenye kambi za mahema, fukwe za kuogelea na karibu na ukuta wa bwawa, sahau bunduki. Na zipo sehemu zilizofungwa kabisa msimu huu ili ndege wapate pa kupumzika. Utaona vibao. Bata nao ni kama wanavisoma: wamejaa huko wamekaa raha mustarehe, wewe uko ng'ambo unapigwa na baridi.

Haya, karatasi. Sogea kwenye kamera. Hii kwenye simu ni leseni ya kuwinda ya Kansas. Aliyezaliwa tarehe 1 Julai 1957 au baada ya hapo kwa kawaida lazima kwanza amalize kozi ya usalama wa uwindaji. Hiki ni kibali cha jimbo cha ndege wa majini. Hapa nimejiandikisha kwenye mpango wa kuhesabu mavuno ya ndege wahamao. Wanakuuliza mwaka jana ulipata wangapi, wa aina gani, na majibu hayo huwasaidia wataalamu kuchagua wawindaji wa kuulizwa zaidi, ili wakadirie ni ndege wangapi wamewindwa.

Na hii, mjomba, ndiyo stempu ya serikali ya taifa ya kuwindia ndege wa majini. Tazama ilivyo nzuri! Kila mwaka wachoraji hushindana, na picha inayoshinda ndiyo inayochapwa. Stempu yenyewe ilianza mwaka 1934, wakati ukame ulikuwa umekausha madimbwi ya katikati ya nchi hii na bata walikuwa wanapungua vibaya. Ya kwanza iliuzwa dola 1, ilichorwa na mchora katuni wa magazeti aitwaye Jay Darling. Sasa ni dola 25, na kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi lazima awe nayo. Ya karatasi unaitia sahihi kwa wino, juu ya uso wake. Usipotia sahihi ni sawa na kwamba huna.

Hela yake inakwenda wapi? Senti 98 za kila dola hununua au kukodi vinamasi na madimbwi ya ndege. Tangu ianze imekusanya zaidi ya dola bilioni 1 na kuhifadhi zaidi ya ekari milioni 5. Mimi siyo mshabiki wa kila kinachofanywa huku, mnanijua. Lakini hili nalikubali mia kwa mia: anayemla bata ndiye anayelipia bwawa la bata. Hata asiyewinda, mpenda ndege wa kupiga picha tu, anaweza kununua stempu hiyo hiyo.

Bunduki sasa. Ni ya marisau, ile shotigani, na kuna kijiti hapa ndani. Kazi yake ni kuziba nafasi, isiingie zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Askari wa wanyamapori akikufikia, kitu cha kwanza anachokagua ni hiki kijiti. Cha pili ni risasi zenyewe. Hizi si za madini ya risasi, ni za chuma. Tangu 1991, nchi nzima, kuwinda ndege wa majini kwa marisau ya madini ya risasi ni marufuku. Sababu yake ni ya kusikitisha. Bata hana meno, humeza vichangarawe vikae kwenye firigisi vimsagie chakula. Sasa watu walipiga bunduki kwenye mabwawa miaka na miaka, punje zikazama kwenye matope, bata akija anaokota akidhani ni changarawe. Firigisi inaisaga ile punje, sumu inaingia kwenye damu, anakufa polepole bila hata kupigwa. Na tai anayeokota mzoga naye anaondoka.

Na sasa tufike kwenye wavu wako, mjomba. Sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918, ambayo ilitokana na mkataba na Uingereza kwa niaba ya Kanada, imezaa orodha ndefu ya vitu vilivyokatazwa. Mtego. Kitanzi. Wavu. Bastola. Ndoana ya samaki, ndiyo, kuna watu walikuwa wanavua bata kwa ndoana! Sumu, dawa ya kulevya, baruti. Sauti ya bata iliyorekodiwa na kuchezwa kwa spika, hapana. Pulizia filimbi kwa mdomo wako. Kupiga ukiwa kwenye boti inayoendeshwa kwa injini, hapana, mpaka uzime na boti iache kwenda. Saa za kupiga ni kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza hadi linapotua. Kwa hiyo lile wazo la usiku, mjomba, limekufa hapo.

Na bata hai wa kuwavutia wenzake amepigwa marufuku huku tangu 1935. Hapo ndipo nilipokukumbuka. Watu wa Bunyala mnajua ninachosema. Mnajua wale korongo wanaofungwa miguu wakasimamishwa shambani ili wenzao washuke, na konokono waliotiwa ile dawa ya wadudu, wanakula, wanaanguka, wanauzwa sokoni kama kitoweo. Mimi nimekula ndege wa hivyo nikiwa mtoto, sikuambiwa. Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya 2013 bado imeufunga, lakini sumu ile haijawahi kuomba leseni.

Chambo ni habari nyingine. Ukimwaga mahindi majini ili bata waje, eneo hilo limeharibika kwa uwindaji, na hata baada ya kuyaondoa yote unasubiri siku 10. Lakini hapa nina malalamiko yangu. Tajiri mwenye shamba akipanda mahindi, asiyavune, akayafurikisha maji yakiwa yamesimama, huyo anaruhusiwa kuwinda hapo. Mimi nikimwaga ndoo moja ni mhalifu, yeye akizamisha ekari nzima ni mkulima. Mzee jirani anasema hiyo ndiyo sheria, mama. Ndiyo, lakini nani aliiandika?

Idadi: bata sita kwa mtu kwa siku. Ila si sita wowote. Wale wenye madume ya kichwa cha kijani king'aavyo, ambao ndio wengi hapa, ni watano tu ndani ya wale sita, na majike yasizidi mawili. Aina nyingine zina hesabu yake. Maana yake ni kwamba alfajiri, mwanga hafifu, ndege anapita kwa kasi, unatakiwa ujue ni aina gani na ni dume au jike kabla hujagusa kifyatulio. Ndiyo maana mara nyingi mnaniona nimeinua bunduki halafu nikaishusha. Katika hao, yule mwenye mkia mrefu uliochongoka na yule mwenye mdomo mpana uliobapa mnao hata nyumbani. Jamii zao za Ulaya na Asia hushuka mpaka Naivasha na Nakuru wakati huku kuna barafu. Ukimwangusha bata ukamwacha hivi hivi, hilo nalo ni kosa. Unamtafuta, kwenye matete, kwenye matope, mpaka umejaribu kweli.

Kuna dada mmoja aliniandikia, niko Texas, niuzie wawili wa Krismasi. Mpenzi, siwezi. Ndege huyu hauzwi, kwa bei yoyote. Kumpa mtu bure naruhusiwa, ila na kikaratasi. Huyu hapa alinipa mzee jirani. Tazama mguuni: jina lake, anwani, tarehe aliyowapiga, idadi na aina, na sahihi. Nimefunika anwani, msihangaike kuisoma. Na ubawa mmoja mzima wenye manyoya nimeuacha mpaka nifike nyumbani, ili askari akinisimamisha barabarani atambue ni ndege gani. Kichekesho: manyoya yake unaweza kuuza ya kutilia mito na magodoro, lakini ya kupamba kofia, hapana. Zamani kofia za wanawake zilikaribia kumaliza ndege wengi nchi hii.

Sasa sikilizeni, hasa nyinyi mlio huku. Kabla hujashika bunduki ya rafiki hata kwa kupiga picha, angalia karatasi zako za uhamiaji. Asiye na kibali cha kuishi nchini haruhusiwi kabisa kumiliki wala kushika bunduki au risasi. Ni kosa la taifa, linaweza kukufunga na kukurudisha nyumbani. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, naye amekatazwa, isipokuwa awe na mojawapo ya misamaha iliyotajwa kwenye sheria, na leseni halali ya kuwinda ni mmojawapo. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kama hana kizuizi kingine. Mimi siyo wakili. Muone wakili kwanza, shotigani baadaye.

Haya, vidole vimekufa ganzi. Mjomba, wavu wako ubaki kwa omena. Jumamosi nitawapika hawa wa kukaangiza na sukuma wiki, na nitawaonyesha jinsi ya kupapasa nyama kwa vidole kabla ya sufuria, kwa sababu punje ya chuma haina huruma na jino. Anayetaka kujua kuhusu kozi ya usalama, andika chini hapo nitakujibu. Kwaherini, mzee ananipigia honi.